Tusiisahau sindano ya pili

Mhariri,

Kuna kauli imenichosha masikio kwenye mazizi: "Nilichanja, na bado wamekufa." Ukimwuliza mwenyewe alichanja mara ngapi, anakuambia mara moja.

Chanjo za chambavu (ugonjwa unaovimbisha misuli), pepopunda na ule ugonjwa wa sumu ya utumbo unaoua kondoo na mbuzi hutengenezwa kwa sumu ya bakteria iliyoondolewa makali, au kwa bakteria wenyewe waliouawa, mara nyingi kwa fomalini. Sindano ya kwanza huuamsha mwili tu. Kinga ya kutegemewa huja baada ya ya pili, kwa kawaida wiki nne hadi sita baadaye (kibandiko cha chupa kisomwe), kisha marudio ya kila mwaka.

Magonjwa haya hayakupi nafasi ya kujipanga. Mwanakondoo mnono kuliko wenzake, jana jioni alikuwa anashindilia nafaka, asubuhi unamkuta amekauka, shingo imepinda nyuma. Watu husingizia nyoka. Ndama wa chambavu naye huanza kwa kuchechemea. Bonyeza uvimbe wa paja, utasikia hewa ikichakarika chini ya ngozi. Hapo hata ukikimbilia antibiotiki, inaua bakteria, lakini sumu iliyokwisha kuingia mwilini haiigusi.

Jike mwenye mimba aliyekamilisha dozi zake arudiwe mwezi mmoja hivi kabla ya kuzaa, ili kinga ipite kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto asiponyonya saa zile za kwanza, kazi yote imekwenda bure.

Kimeta kina utaratibu wake. Chanjo yake inayotumika zaidi ni ya bakteria hai waliodhoofishwa, aina aliyoipata Max Sterne huko Afrika Kusini miaka ya 1930. Ukimpa mnyama antibiotiki siku hizohizo, unaiua chanjo yenyewe. Kwa kuku, sumu ya utumbo mara nyingi hufuata nyuma ya ugonjwa wa kuhara damu, kwa hiyo huo ndio uanze kudhibitiwa.

Nikiri na langu: niliwahi kuitia chupa ya chanjo ya ile sumu ya utumbo kwenye friza, nikidhani baridi ikizidi ndiyo vizuri. Iliganda, nikaiyeyusha, nikachanja kundi zima kwa kitu kilichokwisha kuharibika. Hukaa nyuzi 2 hadi 8 tu.

Ombi langu, Mhariri: mkichapisha tangazo la siku ya kuchanja mifugo, chapisheni palepale na tarehe ya sindano ya pili, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mfugaji, msomaji wenu