Dawa ziko rafuni, bei ziko Frankfurt: maneno machache kuhusu klaudi ya hapahapa nyumbani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 wengi mnaikumbuka, intaneti ilivyokata watu wakadhani bando limeisha. Kumbe nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukawa kati ya walioumia sana. Jumatatu asubuhi simu zetu, sisi tunaofunga na kuhudumia seva za biashara, hazikutulia. Mteja mmoja anauza dawa za jumla Kariakoo, mfumo wake wa stoo na mauzo upo kwenye seva (kompyuta inayohifadhi na kuendesha mfumo) iliyoko Ujerumani, tulipofika foleni imeshashuka mpaka kwenye ngazi na kijana wa kaunta anaangalia kile kiduara kinavyozunguka kwenye skrini. Dawa ziko nyuma yake rafuni anaziona kwa macho, lakini bei, namba za bechi na tarehe za kuisha muda zote ziko Frankfurt. Mwisho likatolewa daftari. Kuyaingiza tena ya kwenye daftari ilichukua wiki nzima na mama mhasibu pale bado akituona anaguna.

Wiki hiyohiyo kuna kampuni ya kutoa mizigo bandarini tunayoihudumia, seva zao ziko kwenye data senta, jengo maalum la kutunzia seva, hapahapa Dar. WhatsApp kwao ilisumbua kama kwa kila mtu, emaili hazitoki, ila mfumo wao wa mafaili ulikuwa unafunguka kama kawaida, maana kutoka ofisini kwao hadi kwenye seva waya hauingii baharini hata hatua moja.

Ndo maana tumeandika hii. Hatusemi klaudi za nje, yaani seva za kukodi zilizoko ng'ambo unazozifikia kwa intaneti, ni mbaya, sisi wenyewe tunazitumia. Tunachosema ni kwamba kile kitu ambacho kikizima dukani hamuuzi, kiweke karibu, na njia mojawapo ni klaudi binafsi.

Sasa klaudi binafsi ni nini, maana kila mtu anauza kitu anakiita hivyo. Fikiria nyumba za kupanga. Klaudi kubwa za nje ni nyumba ya wapangaji wengi, una chumba chako na funguo yako lakini mita ya umeme na geti ni la mwenye nyumba, akipandisha kodi unalipa au unahama. VPS, yaani kipande cha seva unachokodi, ni chumba self, una choo chako ndani, ila ukuta mnachangia na jirani akifungulia muziki unausikia. Klaudi binafsi ni nyumba nzima: mashine za kwako peke yako, ndani yake unagawa seva ndogondogo unavyotaka, moja ya uhasibu, moja ya mafaili, moja ya kamera, na ukiongeza tawi huombi mtu. Kuna watu wanakuuzia chumba self kwa bei ya nyumba nzima. Waulize swali moja tu, hiyo mashine ya chuma nani mwingine yumo ndani yake? Akianza kuzunguka umeshapata jibu.

Halafu kuna hii ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Seva kuwa Dar haimaanishi data yako inapita Dar. Makampuni ya intaneti hapa nchini yanakutana kubadilishana trafiki ya ndani sehemu inaitwa TIX, lakini kama mtoa huduma wako hajaunganishwa pale na yule mwenye data senta, au ameunganishwa halafu mipangilio imekaa vibaya, safari yako inaweza kwenda Ulaya ikarudi. Tumeyaona kwa macho, ofisi ya Mikocheni, seva ipo Kijitonyama, pale kwa bajaji unafika kabla soda haijapata moto, lakini tulipoandika tracert, amri inayoonyesha data inapita wapi na kwa muda gani, kwenye laptopu ya mteja mistari ikaanza kushuka, ya kwanza milisekunde 2, ya tatu 4, halafu ghafla 160, jina la ruta, kifaa cha njiani kinachoelekeza data, linaonyesha London. Bosi akauliza, "London tena? Nani kaenda London?" Mtoa huduma wake alipigiwa simu, akarekebisha baada ya siku mbili, ikashuka mpaka milisekunde 3. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote pima kwanza, ukiwa ofisini kwako na laini yako, sio kwenye laptopu ya muuzaji. Namba zikiwa chini ya 10 uko nyumbani, zikizidi 100 jua umepanda ndege.

Wengine wanatuambia basi kwa nini nisiweke seva ofisini kwangu niachane na kodi ya data senta. Inawezekana, na kuna wateja tumewafungia hivyo, lakini tuseme ukweli wa mtaani. Seva ya ofisini tuliyoikuta mwaka jana ilikuwa chini ya meza ya keshia, juu yake katoni mbili za maji ya kunywa, feni imejaa vumbi limekuwa kama blanketi, na soketi yake ndo hiyohiyo dada anachomekea chaja ya simu, akikosa nafasi anachomoa kimoja. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa inalia tangu Januari wakaizoea. Umeme ukikatika ghafla katikati ya mtu anahifadhi ankara, unaharibu kanzidata, yaani pale kumbukumbu zote za mfumo zinapokaa, na kanzidata ya uhasibu ikiharibika mwezi Juni wakati wa kufunga hesabu utajua hujui. Ukitaka ofisini basi uwe na chumba kinachofungwa, AC isiyozimwa usiku, UPS yenye betri za mwaka huu na jenereta inayowaka yenyewe. Ukijumlisha hayo mara nyingi kupanga nafasi kwenye raki (kabati la seva) ya data senta inakuwa nafuu, wao jenereta ni kazi yao.

Hela. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Mtu mwenye bili ya dola 300 kwa mwezi alitoka laki sita na tisini akafika laki saba na themanini bila kuongeza hata faili moja, na kuna miezi kadi ya benki ilikuwa inagoma kwa sababu dola zenyewe hamna. Huku ndani unalipa kwa shilingi, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza huduma za hapa nchini kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mtu akikupa ankara ya dola kwa seva ya Dar mrudishie. Ila tusidanganyane, mwanzo wa klaudi binafsi unauma, mashine zinanunuliwa nje kwa dola hizohizo na zinapitia ushuru. Kama una kompyuta mbili na keshia mmoja usijisumbue, chukua VPS ya hapa ndani au hata baki ulipo.

Programu ya kugawia hizo mashine sisi tunatumia Proxmox. Ni bure kutumia, unalipia tu ukitaka msaada wao. Wengi walikuwa VMware, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, lakini kampuni ya Broadcom walipoinunua mwisho wa 2023 wakaacha kuuza leseni za kudumu, sa hivi ni kulipia kila kipindi, na biashara ndogo ndo zimelia zaidi.

Kuhusu sheria kwa kifupi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi Mei 2023 na ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Ukiwa na rekodi za wagonjwa au wanafunzi au wafanyakazi, kuziweka ndani kunakupunguzia maswali. Hakukuondolei kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hapo wengi wanachanganya.

Bekapu sasa, yaani nakala ya akiba, hapa tunaomba ukae chini. Tarehe 10 Machi 2021 data senta ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, iliungua moto, jengo zima likateketea, na kuna wateja walipoteza kila kitu kwa sababu hata bekapu ilikuwa palepale. Hao ni wakubwa wa Ulaya. Kwa hiyo seva ikiwa Dar nakala nyingine iwe mji mwingine, Dodoma au Arusha, au nje ya nchi ikiwa imefungwa kwa nywila unayoijua wewe, na hapo ndo ile klaudi ya nje inapofaa sana. Diski mbili zinazoandika kitu kimoja sio bekapu, ukifuta kwa bahati mbaya zinafuta zote mbili kwa pamoja, kwa utiifu kabisa. Na bekapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Yule mteja wetu wa dawa tulipomhamishia Dar, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunarudisha nakala ya juzi kwenye mashine ya pembeni, yule kijana wa kaunta anachagua dawa yoyote anayotaka na tunaangalia kama idadi inalingana na ripoti aliyoichapa siku ile. Mara ya pili haikulingana. Ikaonekana bekapu ilikuwa inakimbia saa mbili usiku na wao siku za mzigo wanafunga saa tatu, tukaisogeza saa saba usiku.

Emaili na tovuti hatuhamishi, viache huko nje, tovuti ikilala nusu saa hasara ni ndogo, na emaili kuihudumia ni kazi nyingine yenye kelele zake.

Ukitaka tuje, andaa vitu vitatu: bili zako za miezi mitatu za klaudi au seva, jina na toleo la programu mnayotumia, na mtu mmoja anayejua nywila ya ruta. Tutaacha kikompyuta kidogo ofisini kwako siku saba kipime intaneti na umeme vinavyokwenda, ndo tukupe bei. Jumamosi tupo mpaka saa nane mchana.