Mfupa umeandikwa, gari limesahaulika

Mhariri,

Mtu akigongwa na gari akavunjika paja, faili lake linastahili misimbo miwili. Katika ICD-10, mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa kuyapa magonjwa na majeraha misimbo, S72 hueleza mfupa uliovunjika, na V03 hueleza kwamba alikuwa akitembea kwa miguu akagongwa na gari. Angekuwa kwenye pikipiki, ingekuwa V23.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa, na mara nyingi naukuta ule wa kwanza tu. Siwalaumu sana wenzangu. Daktari akiandika "ajali ya barabarani" akaishia hapo, karani abuni nini? Ataangukia V89, kapu la ajali ambazo aina ya chombo haijatajwa. Na kapu hilo halimwambii mhandisi wa barabara kama panahitajika kivuko au njia ya baiskeli.

Naomba maswali mawili tu yaulizwe pale mapokezi, kabla aliyemleta mgonjwa hajaondoka: alikuwa kwenye chombo gani, au kwa miguu? Na aligongana na nini?

Karani wa kumbukumbu za wagonjwa