Taarifa ya mwenyekiti wa tawi la klabu ya soka ya Simba kwa wanachama, msimu wa 2024/25

Wanasimba wenzangu, wazee wetu, mama zangu na vijana wote, habari za siku nyingi, Nguvu Moja. Katiba ya tawi inanitaka nitoe taarifa kila mwaka, na mwaka huu nitakaa sana kwenye usajili na mikataba maana hilo ndo lilikaribia kutugawa.

Ya hela nayapitia haraka. Ada zilikuja vizuri mpaka Desemba, baada ya hapo zikalegea, daftari analo mweka hazina kila mtu akaangalie jina lake. Misiba yote mitatu tulifika na tulichanga.

Sasa turudi Julai 2024. Tumelala, tumeamka, kiungo wetu Clatous Chama yuko Jangwani, kwa watani wetu Yanga. Mkataba wake ulikuwa umeisha kwa hiyo kaondoka mchezaji huru, hakuna cha ada ya uhamisho wala nini. Jioni ile mzee wetu mmoja alikaa kwenye benchi pale mlangoni, jezi kaiweka mapajani, anabandua namba 17 na jina kwa wembe, herufi moja moja, mpaka kitambaa kikachanika mgongoni na bado hakuacha. Vijana wakaanza kumcheka nikawafokea, mzee amemshangilia yule bwana toka 2018 leo mnamcheka nini? Ndani huku nusu wanasema uongozi umezembea, nusu wanasema Chama msaliti, watu wazima wakashikana mashati.

Alafu wakaja wapya. Ahoua kutoka Stella ya Ivory Coast, Mukwala kutoka Asante Kotoko, Mutale kutoka Power Dynamos, na hapa tawini tukasema hawa akina nani, tumeletewa watu wa kujaribia. Na mimi nilisema hivyo, kwenye hiki hiki kikao. Ahoua akamaliza ligi na magoli 16, mfungaji bora, na ni kiungo! Mutale ndo aliyetufungia uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwenye marudiano ya fainali na RS Berkane ya Morocco, tarehe 25 Mei dakika ya 17, tuliokwenda tunajua ile kelele, kule kwao tulishapigwa 2-0 lakini kwa dakika zile kila mtu aliamini kombe la Shirikisho Afrika linabaki, dada mmoja wa kwetu kanishika mkono kaubana mpaka kucha zikaingia. Kipindi cha pili Kagoma akala nyekundu, wale wakasawazisha mwishoni, ikaisha 1-1. Kwenye boti kurudi hakuna aliyeongea.

Tulikuwa hatujapoa, ubingwa wa ligi nao ukaenda kwa watani, 2-0 Juni 25, na baada ya hapo Tshabalala. Nahodha wetu, yupo kwetu Msimbazi toka 2014 alipotoka Kagera Sugar, miaka kumi na moja beki ya kushoto ni yake, mkataba umeisha kaenda kulekule alikoenda Chama. Iliniuma na bado inaniuma. Ila matusi niliyoyaona kwenye grupu letu usiku ule, mtu anamtukana mzazi wa mchezaji, hapana. Kamati imeshaamua, atakayetukana familia ya mchezaji anatolewa kwenye grupu na anakuja kujieleza hapa mbele za watu.

Tuelewane kwenye hili, mkataba ukibakiza miezi sita sheria za FIFA zinamruhusu mchezaji aongee na timu nyingine na asaini kabisa mkataba wa awali. Hajavunja kitu. Kwa hiyo sisi kusubiri Juni ndo tuanze kuuliza fulani ameongeza au hajaongeza, hapo tumeshachelewa, mwenzio ana miezi anaongea na watu. Mchezaji tunayemtaka aongezwe akiwa bado na mwaka mzima mkononi, na kama hataki ajulikane mapema auzwe, klabu ipate hela ya kutafuta mwingine.

Katibu wetu hakubaliani na mimi moja kwa moja na hoja yake ina uzito. Anasema wachezaji wa kigeni mwisho ni 12 kwa timu, ukimfunga kila mtu mkataba mrefu wakishuka kiwango unawalipa wamekaa jukwaani, na kuvunja mkataba nako ni hela. Kweli. Ndo maana sijasema wote. Nasema wale ambao wakiondoka mzee anachukua wembe.

Hayo tumeyaandika kwenye barua ya kwenda kwa uongozi wa klabu, kurasa mbili, lugha ya heshima, hoja ya katibu nayo imo. Iko mezani kwa katibu. Ambaye hajasaini asaini leo kabla hajatoka, na asiyekubaliana nayo aandike chini sababu zake, tutaipeleka hivyohivyo Jumatatu.