Shangazi, tununue nyumba ipi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakuandikia kutoka Columbus, Ohio. Tuna miaka 4 Marekani, tulitokea Morogoro. Mume wangu anafanya kazi ghalani zamu ya usiku, mimi nahudumia wazee. Tumejibana, benki imetukubalia mkopo wa nyumba, na tangu siku hiyo hatuelewani.

Huku shule ya serikali anayosoma mtoto hufuata anwani ya nyumba. Kila eneo lina wilaya yake ya shule, na sehemu ya kodi ya nyumba yako inakwenda huko. Nilidhani ukiishi ndani ya jiji la Columbus, shule ni za Columbus. Kumbe sivyo. Kwa mapatano ya mwaka 1986, mitaa mingi iliyomegwa ikaingizwa jijini ilibaki kwenye wilaya za shule za pembeni, kama Hilliard, Dublin na Westerville.

Tukapata nyumba ya vyumba 4, ina ua na jiko kubwa. Tangazo lilisema iko wilaya mojawapo ya hizo za pembeni. Mume wangu akaanza kupima kwa hatua pa kuweka kochi. Usiku, yeye akiwa kazini, nikafungua tovuti ya mkaguzi wa Kaunti ya Franklin, inayoonyesha kila nyumba iko wilaya ipi ya shule, nikaandika namba ya nyumba. Ikaja wilaya ya jiji. Nikaandika ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, ile yenye mlango mwekundu: wilaya ya pembeni. Nilirudia mara tatu, Shangazi, mikono inatetemeka.

Dalali alikiri tangazo lilikosewa. Nilipomuuliza shule ipi ni nzuri, alisema hawezi kunichagulia, maana sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kuwaelekeza wanunuzi mitaa kwa rangi au asili yao, na mazungumzo ya shule huangukia huko upesi. Namwelewa, ila nilitoka pale sina wa kumuuliza.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba inauzwa pia, vyumba 3, bei imezidi kwa dola 40,000. Mume wangu hataki kuisikia. Mama yake anakuja mwakani, naye mume ananiuliza mama atalala wapi. Ni swali la haki na sina jibu.

Shule anayosoma mwanangu mkubwa sasa ina nyota 2 kati ya 5 kwenye ripoti ya jimbo. Ya ng'ambo ina 4. Lakini nilipoisoma ripoti kwa ndani, kwenye kipengele cha maendeleo, kinachopima mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa, shule yetu nayo ina 4. Hilo nimelishuhudia. Alianza hajui Kiingereza. Mwalimu wake akamketisha na mtoto wa Kikongo anayesema Kiswahili cha Bukavu, wakawa wanaelekezana hesabu kwa lugha yetu. Juzi amenisomea barua ya benki mwanzo hadi mwisho, akanifafanulia neno la riba.

Tukinunua ya vyumba 4 atabaki hapo hapo. Ila mwakani anamaliza shule ya msingi, na shule ya kati ya mtaa huo, atakayoingia baada ya hapo, ndiyo inayoninyima usingizi. Nilipiga simu kuuliza kama wana mwalimu wa watoto wanaojifunza Kiingereza, nikahamishwa kwa watu watatu, mpaka simu ikakatika. Wilaya ya pembeni nayo imeniambia haipokei mtoto wa nje ya mipaka yake.

Shangazi, wewe umelea. Nimsikilize mume wangu, tumpokee mama kwenye nyumba yenye nafasi, halafu nikapambane na shule ya kati nikifika? Au nishikilie ng'ambo ya barabara? Na nikienda kuitembelea hiyo shule ya kati, nimuulize nini mkuu wake ili nijue ukweli? Muuzaji anataka jibu Jumatatu.

Mama wawili, Columbus