Usibanie kitambaa cha marinda

Mhariri,

Anayeshona nyumbani gagulo la mtindo wa Uingereza wa miaka ya 1860 asibanie kitambaa cha marinda. Pindo la mita 3 linataka ukanda wa mita 6; ukipunguza, marinda hulala. Chukua bafta ya pamba, uifue kwanza ili isinywee baadaye. Pinda ukingo wa chini wa ukanda kabla ya kuuvuta uwe marinda. Juu piga mistari miwili ya mishono mirefu, milimita 4, ukiikatiza kila robo: uzi mmoja wa mita 6 hukatika tu ukiuvuta, kazi ikaanza upya. Bana kila robo ya ukanda kwa robo ya pindo kwa pini, ndipo uvute nyuzi. Na lastiki kiunoni? Hapana, tia kamba ya kufunga nyuma.

Fundi cherehani,
Tanga