Kwa wanangu mlio kwenye madirisha ya ofisi za umma

Wanangu,

Siku tuliyomzika Bwana Afya mlijaa makaburini kuliko nilivyotegemea. Mliweka picha yake kwenye simu zenu, mkaandika "mtumishi wa kweli". Nilifarijika, nikawaombea dua.

Majuzi mjane wake, shemeji yangu, alimaliza eda. Kesho yake akajitanda kanga, akapanda gari kwenda kufuatilia karatasi za mirathi. Ofisi siitaji. Dirishani alikuwamo kijana mmoja aliyebeba jeneza siku ile. Hakumtambua, maana hakuinua hata uso. "Mama, mtandao uko chini, njoo kesho." Aliporudi, mhusika yuko semina. Siku ya tatu akaambiwa aache namba ya simu. Akapita kwangu anacheka, lakini kicheko kile nakijua.

Nilianza kazi na marehemu 1973, mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, tukiwa vijana huku bonde la Rufiji. Watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kipindi kikiisha wanajadiliana, halafu majembe: kila kaya na choo chake. Bondeni choo si kazi ndogo. Ukichimba unakutana na maji, na mto ukifurika shimo linabomoka. Tena msimu wa kulinda mpunga watu hawapo vijijini, wamehamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo huko mashambani, wanakunywa maji ya mto uleule. Sisi wengine tuliandika kwenye ripoti: "Wananchi hawakupatikana." Yeye alitafuta mtumbwi. Bado namwona akipanda ngazi ya dungu, viatu kavifunga kamba na kuvitundika shingoni, anapiga hodi kwa sauti ya chini asiamshe watoto. Atakaa, atakula samaki atakayepewa, atasikiliza habari za viboko na nguruwe, ndipo aulize kama maji ya kunywa yanachemshwa. Kipindupindu kilipotuingilia 1977, kwenye madungu walimpokea kama ndugu. Mimi nilibaki chini na kopo langu la dawa, nabembeleza.

"Njoo kesho" sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Mnajua njoo kesho moja inagharimu nini? Nauli ya kwenda na kurudi. Siku ya palizi. Mpunga ulioliwa na nguruwe wakati mwenye shamba yuko kwenye benchi lenu anawatazama mkinywa chai. Mtandao huanguka kweli, sibishi, na mishahara yenu naijua. Lakini daftari na kalamu havina mtandao! Andika jina lake, pokea karatasi zake, mtajie siku ya jibu, na siku hiyo alikute. Tunapiga kelele kuhusu rushwa, na ni haki yetu, ila wengi ninaowajua waliotoa ile elfu kumi walikuwa wameshachoshwa na njoo kesho tatu au nne. Hawakuzaliwa watoa rushwa. Mliwachosha.

Mengine mnayasikia kila semina, siyarefushi. Masurufu yakibaki, rudisha. Salimia kabla hujauliza shida. Ukikosea, sema umekosea. Faili la ofisi lisilale nyumbani kwako.

Wala lawama si zenu peke yenu. Sisi tuliokariri "cheo ni dhamana" enzi za TANU ndio haohao tulioketi barazani kumcheka alipostaafu na nyumba isiyo na dari. "Miaka yote serikalini, kaambulia nini?" Mimi nami nilicheka. Watoto walikuwa wanacheza palepale, wanatusikia. Baadhi yao leo wako kwenye hayo madirisha.

Nimekuwa mkali, mniwie radhi. Mwenzangu angeyasema haya kwa upole, tena angewafuata mezani kwenu mmoja mmoja. Mimi subira yake sikupewa.

Shemeji anarudi Jumatatu. Miguu inamvimba, hawezi kusimama muda mrefu. Atakuwa na bahasha ya kaki, karatasi zote zimo, nimezikagua mwenyewe mara mbili. Na nyuma ya mlango wa ofisi hiyo kuna kiti cha plastiki kimewekewa makabrasha juu. Nilikiona.

Ni mimi mzee wenu,
mstaafu