Mwanangu, usingoje kupambazuke

Mwanangu mpendwa,

Huku Muheza hatujambo, baba yako anakohoa kidogo tu. Uliponipigia Jumapili ulisema, kama kwa kupitia, kwamba mama mkwe wako amekuambia mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia kwa kubanwa na nafasi. Ni mzazi wako, mheshimu, lakini hilo usilishike.

Namna ya kucheza hubadilika, ni kweli. Yale mateke ya mwezi wa sita huwa kujinyoosha na kusukuma, mpaka unaona kitenge kinapanda na kushuka. Kucheza kwenyewe hakupungui, na huendelea hata uchungu ukishaanza. Kulala analala, ila kwa dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita dakika 90.

Uko wiki ya 33, mama. Desturi yake unaijua kuliko daktari, kuliko mimi niliyekuzaa. Uliniambia wako huchachamaa usiku ukishajilaza. Basi hicho ndicho kipimo chako. Ya jirani yaache. Kuna mtoto wa fujo na kuna mpole, na wote wazima. La kukushtua ni wako kuacha desturi yake.

Hewa na chakula humfikia kupitia kondo la nyuma. Kondo likizidiwa, mtoto hubana matumizi kama nyumba iliyoishiwa: hupunguza kucheza ili nguvu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Kwa hiyo moyo unaweza kudunda vizuri naye yuko taabani. Ndiyo maana hivyo vimashine vya kusikilizia mapigo nyumbani sivitaki kabisa, vinampa mtu moyo wa kukaa. Kunywa soda baridi ili acheze nako si dawa.

Ukiwa na mashaka tu, lala kwa ubavu wa kushoto, simu iweke mbali, umsikilize kwa muda wa saa mbili. Asipocheza angalau mara 10, nenda hospitali. Lakini ukiwa na hakika kwamba amepunguza, hata hizo saa mbili usizikae. Chukua kadi ya kliniki uondoke, hata ikiwa saa nane usiku.

Ukifika sema wazi, "Mtoto amepunguza kucheza." Usianze na mgongo wala miguu kuvimba, hilo litangulie. Watakupima presha na tumbo, watasikiliza moyo, pengine wakufunge mikanda ya mashine inayochora mapigo, au wakupige ultrasaundi. Wengi huambiwa mtoto mzima, wakarudi nyumbani. Nawe ukirudishwa, kisha keshokutwa akapunguza tena, nenda tena. Nesi akikunja uso, mwache akunje, mwanangu.

Mwambie mumeo atenge nauli sasa, na namba ya dereva wa bajaji anayelala mtaani kwenu iwe kwenye simu zenu zote mbili. Mimi nipigie ukishakuwa njiani, usingoje ruhusa yangu.

Mama yako